Mtawa na Piano: Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou (1923–2023)

Katika kueleza safari ya uimbaji wa Usharika wetu hapa Pangani, si vibaya tukimkumbuka pia mama mmoja wa Ethiopia. Hakuwa Mlutheri, lakini maisha yake yanatuuliza swali letu wenyewe: kipaji kisicho na nafasi katika ibada, je, kina nafasi mbele za Mungu?

Alizaliwa Addis Ababa tarehe 12 Desemba 1923, akaitwa Yewubdar. Akiwa na miaka sita alipelekwa shule Uswisi, akajifunza huko fidla na piano. Waitalia walipoivamia nchi yake, jamaa yake ilichukuliwa mateka mwaka 1937 na kufungwa katika kisiwa cha Asinara. Baada ya ukombozi alisoma Cairo kwa Alexander Kontorowicz, mwalimu wa Kipolandi.

Kisha akapata nafasi ya kusoma muziki London, lakini ruhusa ya kusafiri ikakataliwa. Nisomapo habari zake, hapa ndipo ninapokawia. Alikataa chakula siku nyingi, hata akakaribia kufa. Alipopata nafuu aliiacha piano, akakimbilia kwa watawa wa Gishen Maryam, mlimani huko Wollo, akakaa yapata miaka kumi akitembea miguu mitupu.

Kanisa lake la Othodoksi huimba kwa sauti, ngoma na njuga. Piano haimo katika liturgia yake. Kwetu ilikuwa kinyume. Wamisionari walileta kinanda, ngoma ikangoja mlangoni, hata miaka ya 1960 Mchungaji Howard Olson na wanafunzi wa Makumira, akiwamo Bernard Kyamanywa, walipozipa nyimbo zetu tuni za Kiafrika.

Kilichomrudisha kwenye piano ni huruma. Huko Gondar aliwaona vijana waliokuwa wakijifunza uimbaji wa kanisa wakilala nje na kuomba chakula. Fedha hakuwa nazo, muziki alikuwa nao. Santuri yake ya kwanza ilitoka Ujerumani mwaka 1967, na mapato yakaenda kwa wahitaji.

Mwaka 1984 alihamia Yerusalemu, akaishi na piano yake katika chumba kidogo cha watawa wa Kiethiopia. Noti zake, alizoziandika kwa mkono na kuziweka mifukoni miaka mingi, zilichapwa kitabu mwaka 2013. Alilala katika Bwana huko huko tarehe 26 Machi 2023, mwenye miaka 99.