Kisa Tumboni mwa Kisa: Kutoka Bandari ya Kale hadi Poland

Kwa karne nyingi majahazi yaliyosukumwa na kaskazi, yaani upepo wa msimu utokao Arabuni na Bara Hindi, yalitia nanga katika Bandari ya Kale ya Mombasa na bandari nyingine za pwani, na njia hiyo ya tende na nguo ndiyo iliyo wazi zaidi kwa kueleza jinsi kisa cha kima na papa kilivyowafikia Waswahili. Mfano wake wa kale umo katika Panchatantra ya Kihindi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa aliutia katika Kiarabu ndani ya Kalila wa Dimna, ambamo kima hushindana na kobe. Pwani ilimwondoa kobe ikamweka papa, na mbweha akawa sungura. Edward Steere alipoichapisha hadithi hiyo mwaka 1870, kama ilivyosimuliwa Unguja, umbo lake lilikuwa limehifadhiwa: kima aliyekwisha kuokoka hamtukani papa, bali humsimulia kisa kingine kizima, cha punda wa dobi aliyeponea makucha ya simba, kisha akashawishiwa na sungura arudi.

Umbo hilo, ambalo hadithi moja huzibeba nyingine, ndilo uti wa mgongo wa filamu ya Kipolandi Rękopis znaleziony w Saragossie, yaani Hati Iliyopatikana Saragossa, ambayo Wojciech Has aliitoa mwaka 1965 kutokana na riwaya ya Jan Potocki, msafiri aliyezuru Uturuki, Misri na Moroko. Alfonse van Worden, askari anayeigizwa na Zbigniew Cybulski, hulala karibu na mabinti wawili wa kifalme, Waislamu, akaamka chini ya mti wa kunyongea watu. Ni usurealisti, sanaa inayofuata mantiki ya ndoto.

Hata hivyo, uzuri mkubwa wa filamu hii umo katika ufundi wa usimulizi kuliko katika maajabu yenyewe. Kima hukifunga kisa chake, na hadithi humrudia papa. Has huiacha milango wazi, hata sauti ya usiku inayomtisha mhusika aitwaye Toledo, anayedhani ni ya rafikiye aliyekufa, ikapata maelezo yake katika kisa cha mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana nakala zilizofupishwa kwa watazamaji wa ng'ambo ziliidhulumu sana filamu hii ya dakika 182, kwa kuwa kukata kisa kimoja ni kuondoa jibu la kingine.