Wanisga'a na Madai ya Nchi Yao

Katika Kanada, upande wa machweo unaotazama Bahari ya Pasifiki, uko mto uitwao Nass, na kando yake hukaa kabila la Wanisga'a. Tangu kale riziki yao kubwa ni samaki wa mto ule. Kila jamaa ilijua mahali pake pa kuvua na kuwinda, na urithi ulitangazwa katika karamu, wageni walioalikwa wakiwa mashahidi. Hati hawakuwa nazo, kama wazee wetu wasivyokuwa nazo, lakini mipaka ilijulikana.

Serikali haikufanya nao mapatano yo yote juu ya nchi. Mwaka 1881 alikuja afisa, akawapimia vipande vidogo vya kukaa, na nchi iliyobaki ikahesabiwa kuwa mali ya serikali. Mwaka 1887 wakuu wao wakasafiri hata Victoria, mji mkuu wa jimbo la British Columbia, wakarudishwa mikono mitupu. Ndipo wakaunda halmashauri ya nchi, na mwaka 1913 wakapeleka maombi yao London, kwa Baraza la Mfalme. Halikuwaamulia. Mwaka ule ule Wamasai nao walishtaki huko Mombasa kwa ajili ya kuhamishwa Laikipia, na kesi yao ikatupwa, kwa kuwa mahakama ilisema mapatano yale yalikuwa ya dola na dola, wala si kazi yake kuyaamua. Twaona basi kwamba pande zote mbili mlango ulifungwa kabla haki yenyewe haijapimwa.

Kisha mwaka 1927 sheria ya Kanada ikakataza mtu ye yote kuchangisha fedha za kudai nchi kwa niaba ya wenyeji pasipo ruhusa ya serikali. Je, atadaije mtu asiyeweza kumlipa wakili? Sheria hiyo ilidumu hata mwaka 1951.

Mwaka 1955 halmashauri ikafufuliwa kwa jina jipya chini ya Frank Calder, Mnisga'a aliyesoma shule ya bweni ya misheni na chuo cha theolojia cha Kianglikana, naye alikwisha kuchaguliwa katika bunge la jimbo mwaka 1949. Mwaka 1967 wakashtaki. Wakashindwa mara ya kwanza, wakashindwa katika rufani, na tarehe 31 Januari 1973 wakashindwa hata katika Mahakama Kuu ya Kanada. Lakini sikilizeni jinsi walivyoshindwa. Majaji walikuwa saba. Sita walikubali kwamba wenyeji walikuwa na haki ya nchi kabla ya Wazungu kuja. Watatu kati yao walisema haki ile ingali hai, watatu walisema ilikwisha kufutwa. Wa saba hakuligusa jambo hilo. Alisema tu kwamba hawakupata kibali cha kuishtaki serikali, na kwa neno lake kesi ikaanguka. Hata hivyo serikali iliingiwa na shaka, na mwezi wa Agosti mwaka huo ikatangaza kuwa tayari kupatana.

Kupatana kwenyewe kulichukua zaidi ya miaka ishirini, na serikali ya jimbo haikuingia mezani mpaka mwaka 1990. Mapatano yakaanza kazi tarehe 11 Mei 2000. Wanisga'a walipata kilomita za mraba zipatazo 2,000, ambazo hazifiki sehemu moja katika kumi ya nchi waliyodai, pamoja na fedha na fungu la samaki. Tena walipata serikali yao wenyewe yenye kutunga sheria juu ya ardhi, lugha na desturi zao, ingawa sheria za jinai zilibaki kwa Kanada. Sisi twadhani hiyo serikali ni kubwa kuliko eneo, maana vile vipande vya 1881 vilitawaliwa kwa amri za watu wa mbali.

Si wote walioridhika. Katika kura ya mwaka 1998 walio wengi walikubali, lakini mamia walikataa, wakisema nchi nyingi mno imeachwa. Nao Wagitanyow, jirani zao, walilalamika kwamba sehemu ya nchi iliyotajwa katika mapatano ni yao, wakaenda mahakamani.