Mkazo wa Mirija ya Hewa: Dalili na Visababishi

Mkazo wa mirija ya hewa ni hali ya misuli laini inayoizunguka mirija ya mapafu kujikaza na kuifanya iwe myembamba, hata hewa ikapita kwa shida, hasa wakati wa kutoka. Mgonjwa huhisi kifua kimembana, hukohoa, huhema kwa nguvu, na mara nyingi pumzi yake hutoa mlio mwembamba wa filimbi. Hali hii si ugonjwa unaojitegemea. Huletwa na magonjwa na vichocheo vya aina nyingi, na pumu ndiyo inayoongoza. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 262 waliishi na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Vifo vingi hutokea katika nchi zenye kipato kidogo, ambako wagonjwa wengi hawagunduliwi au hawapati dawa inayostahili. Ndiyo maana kuzijua dalili mapema na kukitafuta kisababishi ni sehemu ya tiba yenyewe.

Jinsi mirija inavyobana

Hewa hupita puani au mdomoni, ikashuka kwenye bomba kuu la pumzi, ambalo hugawanyika kuwa mirija miwili, mmoja kwa kila pafu. Kila mrija huendelea kugawanyika, takribani mara 23 kwa jumla, hadi kufikia vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Mirija mikubwa imeimarishwa kwa gegedu. Mirija midogo, yenye kipenyo kisichozidi milimita 1 hivi, haina gegedu bali imezungukwa na misuli laini. Misuli hiyo ikijikaza, hakuna kitu kigumu cha kuzuia mrija usifinyike.

Misuli hiyo haitawaliwi na hiari ya mtu. Neva kuu inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani huiamuru ijikaze kwa kutumia kemikali iitwayo asetilikolini, ilhali homoni ya adrenalini huilegeza. Kwa mtu mwenye mzio, seli za ulinzi zilizomo kwenye ukuta wa mirija humwaga histamini, lukotraini na kemikali nyingine zinazoikaza misuli kwa dakika chache tu. Kemikali hizohizo huvimbisha utando wa ndani na kuongeza ute. Kwa hiyo njia ya hewa hupungua kwa mambo matatu kwa pamoja: misuli iliyokaza, ukuta uliovimba na makohozi mazito.

Upungufu mdogo wa upana huleta madhara makubwa. Kwa kanuni ya mtiririko katika bomba, kipenyo kikipungua kwa nusu, upinzani dhidi ya hewa huongezeka mara 16. Kuvuta pumzi husaidiwa na kifua kinapopanuka, kwa kuwa upanuzi huo huivuta mirija ifunguke. Kutoa pumzi hufanya kinyume chake. Matokeo yake hewa hunaswa ndani, mapafu hubaki yamejaa, na mgonjwa hujikuta akitaka kuvuta hewa mpya kabla ya kuitoa ile ya zamani.

Dalili

Dalili kuu ni nne: kifua kubana, kuishiwa pumzi, kukohoa na mlio wa filimbi kifuani. Si lazima zitokee zote. Wapo wagonjwa, watoto hasa, ambao dalili yao pekee ni kikohozi kikavu kisichokoma, kinachozidi usiku au baada ya kukimbia, na ambao hupewa dawa za kikohozi na antibiotiki mara kwa mara bila nafuu.

Mlio hutokana na hewa inayopenya kwa kasi kwenye mirija iliyofinyika. Kwa kawaida husikika wakati wa kutoa pumzi, pande zote mbili za kifua, ukiwa na sauti nyingi nyembamba na nene kwa wakati mmoja. Mkazo unapokuwa mdogo, mlio husikika kwa stetoskopu tu. Unapokuwa mkubwa, hata aliyekaa karibu na mgonjwa huusikia.

Mtu aliyebanwa huonekana kabla ya kusikika. Hukaa ukingoni mwa kitanda, akainama mbele kidogo na kushikilia magoti au godoro kwa mikono. Mabega hupanda kwa kila pumzi, na misuli ya shingo husimama. Pumzi anayoitoa huchukua muda mrefu zaidi ya ile anayoivuta. Akiulizwa jambo, hujibu kwa maneno machache, akatulia kupumua, kisha akaendelea. Hukataa kulala chali, kwa kuwa kulala chali humwongezea dhiki.

Kwa mtoto mchanga au mdogo asiyeweza kujieleza, dalili husomwa mwilini. Pua hutanuka kwa kila pumzi, ngozi kati ya mbavu na chini ya kifua huingia ndani, na tumbo hupanda na kushuka upesi. Mtoto huacha kunyonya kila baada ya muda mfupi ili apumue, au hukataa ziwa kabisa.

Sifa nyingine muhimu ni kubadilika. Mkazo huja na kuondoka. Mtu aliyehangaika usiku kucha anaweza kufika kliniki saa 4 asubuhi akiwa mzima, naye daktari asisikie chochote. Kwa wenye pumu, dalili huzidi zaidi kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri, wakati adrenalini na kotisoli zimepungua mwilini na mirija ni myembamba kuliko mchana.

Dalili za hatari

Mtu mzima asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, anayepumua mara 25 au zaidi kwa dakika, au ambaye moyo wake unapiga mara 110 au zaidi kwa dakika, yuko katika mkazo mkali. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, kupumua zaidi ya mara 40 kwa dakika ni ishara ya hatari. Kiwango cha oksijeni kilicho chini ya asilimia 92, kuchanganyikiwa, kusinzia, kuchoka hadi kushindwa kupumua kwa nguvu, na midomo kugeuka rangi ni dalili za kukaribia kifo. Kwa mwenye ngozi nyeusi, rangi ya samawati hutafutwa kwenye ulimi, ndani ya midomo, kwenye fizi na kwenye kucha, si kwenye ngozi ya uso.

Dalili inayowapotosha watu wengi ni ukimya. Mlio ukitoweka huku mgonjwa akiendelea kuhangaika, hiyo si nafuu. Maana yake ni kwamba hewa inayopita imekuwa kidogo mno kiasi cha kutotoa sauti. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji hospitali papo hapo.

Visababishi

Namna bora ya kukitafuta kisababishi ni kuuliza mkazo ulianza lini na nini kilitangulia. Muda uliopita kati ya kichocheo na dalili hutenganisha makundi makubwa.

Mkazo unaoanza ndani ya dakika chache mara nyingi hutokana na mzio au mchomo wa moja kwa moja. Vizio vya kawaida ni utitiri wa vumbi la nyumbani, kinyesi na mabaki ya mende, manyoya ya paka, ukungu wa kuta na chavua za nyasi. Utitiri hustawi penye unyevunyevu, na kwa hiyo magodoro na mito ya miji ya pwani ni makazi yake mazuri. Nguvu ya chavua ilidhihirika mjini Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, pale mvua ya ngurumo ilipoambatana na chavua nyingi za nyasi: maelfu ya watu walibanwa kifua jioni ile, na 10 walifariki.

Moshi hukaza mirija hata kwa asiye na mzio. Kuni na mkaa katika jiko lisilo na pa kutokea moshi, sigara, taka zinazochomwa uani, dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani katika chumba kilichofungwa, vyote vimo katika kundi hili. Kadhalika dawa za kusafishia: dawa ya kung'arishia nguo ikichanganywa na asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini, ambayo hubana kifua mara moja na inaweza kuunguza mapafu.

Hewa baridi na kavu ni kichocheo kingine, na mazoezi hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Mtu anapokimbia hupumua kwa mdomo, akavuta hewa nyingi ambayo haijapata joto na unyevu wa pua, na utando wa mirija hukauka. Mkazo wa aina hii huanza wakati wa zoezi au, mara nyingi zaidi, dakika chache baada ya kuacha, kisha hupungua wenyewe katika muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu.

Mzio mkali wa mwili mzima, unaoletwa na kuumwa na nyuki, karanga, vyakula vya baharini au sindano ya penisilini, huweza kukaza mirija pamoja na kuvimbisha midomo, kutoa vipele na kushusha presha. Hii ni dharura ya peke yake, na tiba yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja.

Mkazo unaochelewa kwa saa huelekeza kwenye dawa au kazi. Aspirini, ibuprofeni na dikilofenaki huwabana baadhi ya wenye pumu ndani ya nusu saa hadi saa 3, hasa wale wenye vinyama vya puani. Propranolo, inayotumika kutibu presha na kipandauso, huzuia kazi ya adrenalini kwenye mirija. Matone ya timololi ya kutibu presha ya jicho hufanya vivyo hivyo, ingawa wengi hawafikirii kwamba dawa ya jicho inaweza kufika kifuani.

Kazini, vichocheo ni unga katika viwanda vya mikate na mashine za kusaga, vumbi la pamba, vumbi la kahawa mbichi, unga wa mbao kama za mvule, rangi za kupulizia magari na poda za kupaushia nywele katika saluni. Mfanyakazi huweza kubanwa jioni au usiku, saa kadhaa baada ya kutoka kazini, akadhani tatizo liko nyumbani. Kinachobainisha ukweli ni kupata nafuu siku za mapumziko na kuzidiwa anaporudi kazini.

Mkazo unaojengeka kwa siku kadhaa, ukianza na mafua na makamasi, kwa kawaida huletwa na virusi. Virusi vya mafua ya kawaida ndivyo vinavyoongoza kuamsha pumu kwa watoto wa shule. Mkamba sugu na ugonjwa wa kuziba mapafu, unaowapata zaidi wavutaji sigara na waliopika kwa kuni miaka mingi, nao huzidi kwa njia hiyo. Asidi ya tumbo inayopanda juu usiku huchochea kikohozi na mkazo kwa baadhi ya watu. Minyoo ya tumbo ambayo viluwiluwi vyake hupita mapafuni, na minyoo ya matende kwa mara chache, huweza pia kuleta kikohozi cha usiku chenye mlio. Katika chumba cha upasuaji, mpira wa kupitishia hewa ukiigusa njia ya pumzi huweza kuikaza ghafla.

Hali zinazofanana nayo

Si kila mlio wa kifua ni mkazo. Mtoto aliyekuwa mzima akaanza ghafla kukohoa na kutoa mlio upande mmoja tu wa kifua, huenda amevuta punje ya karanga, haragwe au shanga. Mlio mkali unaosikika wakati wa kuvuta pumzi hutoka kooni, si mapafuni. Mzee mwenye miguu iliyovimba anayeamka usiku akitafuta hewa huenda moyo wake umeshindwa kusukuma damu. Homa na makohozi yenye rangi huelekeza kwenye nimonia. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, kukonda na kutokwa jasho usiku hudai kipimo cha kifua kikuu.

Uchunguzi

Kipimo kinachothibitisha ni spirometri, ambapo mgonjwa hupuliza kwa nguvu kwenye mashine kabla na baada ya kuvuta dawa ya kufungua mirija. Kwa mtu mzima, hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa zaidi ya asilimia 12 na mililita 200, mirija ilikuwa imekaza na inaweza kufunguka. Pasipo mashine hiyo, kifaa kidogo cha kupimia kasi ya juu ya pumzi, kikitumiwa asubuhi na jioni kwa wiki 2 na matokeo kuandikwa daftarini, huonyesha mabadiliko ambayo daktari hayaoni kwa kumsikiliza mgonjwa mara moja.

Huduma na kinga

Aliyebanwa aketishwe wima, alegezewe nguo na aondolewe kwenye moshi au vumbi. Dawa ya kwanza ni salbutamo ya kuvuta, inayoilegeza misuli ndani ya dakika chache na kudumu saa 4 hadi 6. Katika shambulio, mibonyezo 4 ya pampu, inayovutwa mmoja mmoja, huweza kurudiwa kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza huku mgonjwa akipelekwa hospitali. Huko hupewa oksijeni na prednisoloni. Dawa za usingizi ni mwiko, kwa kuwa hupunguza juhudi ya kupumua.

Watoto huhitaji chemba ya kuvutia dawa. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni ili pampu iingie bila kuvuja, hufanya kazi sawa na chemba ya dukani.

Salbutamo huilegeza misuli, lakini haiponyi uvimbe wala haiondoi kisababishi. Kazi ya kutuliza uvimbe ni ya dawa za steroidi za kuvuta, zinazotumiwa kila siku hata mgonjwa anapojisikia vizuri. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena watu wazima na vijana kutegemea salbutamo peke yake. Anayemaliza makopo 3 au zaidi ya dawa hiyo kwa mwaka yumo katika hatari kubwa ya kushambuliwa vikali, na anapaswa kumwona daktari akiwa na orodha ya dawa zote anazotumia, kazi anayofanya na saa ambazo kifua humbana.