Doa Jeupe Uwanjani

Doa la kwanza lilitokea upande wa kulia, karibu na kibendera cha kona. Lilikuwa jeupe, la duara, ukubwa wa kitumbua, na halikuhama hata kamera ilipohama. Mwanangu alidhani ni taa ya uwanjani. Wiki mbili baadaye yalikuwa matatu, na mechi ya saa kumi jioni ikawa inachezwa kwenye nyasi zilizomulikwa tochi kutoka chini ya ardhi. Sauti safi, picha safi, rangi zipo. Madoa tu.

Niliifunga TV blanketi, nikaipakia kwenye bajaji hadi kwa fundi Kariakoo. Hakuuliza mengi. Aliiwasha, akaitazama kwa sekunde tano, akaizima. "Hii haina ugonjwa mkubwa, kaka. Kofia zimedondoka."

Alifungua skrubu za nyuma, akatoa fremu, kisha akamwita kijana wake wakakiinua kioo wawili, kwa vidole vya pembeni, wamebana pumzi. Kioo hicho ni chembamba kuliko cha dirisha, na kikipata ufa kazi imekwisha, maana bei ya kioo kipya haiachani sana na ya TV nzima. Chini yake zilikuwepo karatasi laini za plastiki, moja ya maziwamaziwa, nyingine zenye mng'ao ukizigeuzageuza. Chini ya karatasi, ubao mweupe. Na chini ya ubao, sinia la bati lililotandikwa karatasi nyeupe yenye matundu, na katika kila tundu kitaa kidogo kimevikwa lenzi mfano wa tone la gundi lililoganda. Vitaa vitatu vilikuwa uchi. Fundi aliinamisha sinia, lenzi mbili zikateleza hadi kiganjani mwake. Ya tatu hatukuiona.

Nilikuwa na TV hiyo miaka minne na sikuwahi kufikiria kwamba ndani yake mna taa. Kumbe habari yote ya TV bapa kama hii iko hapo kwenye sinia. Kioo chake hakitoi mwanga hata chembe. Ni pazia, lenye mamilioni ya vidirisha vinavyofunguka na kufunga mbele ya taa inayowaka nyuma. Kinachopita ni chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga wa taa hiyo. Uliobaki humezwa njiani. Na pazia likifungwa, halifungi kabisa. Kwa hiyo taa ikiwa na mawimbi, au ikikaribia mno, au pazia likibanwa kona moja, mtazamaji ataona.

TV ya chogo haikuwa na shida hii. Mrija wake, uliobuniwa na Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897, ulirusha elektroni kutoka nyuma hadi kwenye uso wa kioo uliopakwa unga unaong'aa, na kila nukta ilijiwakia yenyewe pale ilipopigwa. Pasipopigwa palikuwa giza. Chogo lenyewe lilikuwa nafasi ya kurushia: bila umbali ule, mshale wa elektroni usingefika kwenye kona zote. Ilikuwa na maradhi yake, ndiyo. Waliowahi kuweka spika kubwa kando ya TV sebuleni wanakumbuka doa la zambarau lililoletwa na sumaku. Lakini ukihamisha spika, baada ya kuzima na kuwasha mara kadhaa, doa kwa kawaida liliondoka. Jaribu kuhamisha kitu chochote TV bapa iache kuvuja mwanga.

Pazia lenyewe lilianzia kwenye karoti. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akiwa Prague, alikuwa akichunguza kolesteroli ya mmea huo alipoona kitu kigeni: kemikali moja iliyeyuka mara mbili. Kwenye nyuzijoto 145 hivi ikawa uji wenye ukungu, na ilipofika 178 hivi ndipo ikawa maji safi. Mwanafizikia Mjerumani Otto Lehmann ndiye aliyeuchunguza ukungu ule kwa hadubini na kuupa jina la fuwele za kimiminika. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua zina kazi gani. Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani, kwa kazi ya George Heilmeier na wenzake huko Princeton, ilitangaza kwamba inaweza kuziamrisha kwa umeme, na watu wakaanza kuota TV ya kutundika ukutani kama picha ya harusi. RCA haikuitengeneza. Mwaka 1970, katika maabara za Hoffmann-La Roche mjini Basel, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich walibuni njia ya kuzisokota fuwele hizo ili zigeuze mwanga unaopita, zikitumia umeme mdogo kabisa. Saa za mkononi na vikokotoo vikazifuata mbio.

Saa hizo hazikuwa na taa ya nyuma. Zilikuwa na kioo cha kuakisi, zikategemea jua na taa za watu. Usiku ndipo aibu ilipoanza. Mwenye Casio F-91W, saa iliyoanza kuuzwa mwaka 1989 na ambayo sijui kama kuna mtaa wa Afrika Mashariki usioijua, abonyeze kitufe cha taa gizani. Kitaa kimoja kiko upande wa kushoto. Tarakimu za kushoto zinaoga mwanga, za kulia zinaonekana kwa kukisia. Kwenye saa ya bei ile hakuna anayelalamika. Lakini fumbo lililowasumbua wahandisi wa TV kwa miaka iliyofuata ni hilohilo, ila sasa kwenye kioo cha inchi hamsini: utafanyaje taa iliyo mahali pamoja iangaze kila mahali sawasawa?

Jibu la kwanza lilikuwa la kizamani, na kwa kweli lilikuwa zuri. Mwaka 1988 Sharp ilionyesha kioo cha rangi cha inchi 14. Miaka 10 baadaye mkuu wake, Katsuhiko Machida, alitangaza kwamba kufikia 2005 TV zote ambazo kampuni hiyo inauza Japani zitakuwa za fuwele. Ndani ya TV za enzi hiyo mlipangwa mirija myembamba kama penseli, ndugu wa zile taa ndefu za darini, yenye zebaki ndani, imelala safu kwa safu. Mbele yake ukawekwa ubao mzito wa kutawanya mwanga. Kanuni ilikuwa moja tu: taa ikikaa mbali na ubao, mwanga unachanganyika, ikisogea karibu, utaihesabu mirija mmoja mmoja. Kwa hiyo TV ikawa nene, kiasi cha upana wa kiganja, na mwanga ukatulia vizuri. Unene ule ulikuwa na kazi, kama chogo lilivyokuwa na yake.

Kisha likaja shindano la wembamba.

LED, kile kitaa kidogo cha kwenye sinia, iliingia kwa heshima. Sony ilipotoa Qualia 005 mwaka 2004, TV ya kwanza ya dukani iliyomulikwa kwa vitaa hivyo, ilivipanga nyuma ya kioo kizima, vyekundu, kijani na bluu, lengo likiwa rangi bora. Ilikuwa ghali na nzito. Ila kitaa cha LED ni kidogo, na udogo huo uliwapa wenye viwanda wazo jingine: kwa nini viwekwe nyuma? Vihamie ukingoni. Mwaka 2008 Sony hiyohiyo ikatoa ZX1, yenye unene wa milimita 9.9 pale ilipo nyembamba zaidi. Mwaka uliofuata Samsung ikajaza madukani TV za taa za ukingoni, na tangazo likasema ni "TV za LED", kana kwamba ni mashine mpya kabisa. Pazia lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni taa.

Nieleze jinsi taa ya ukingoni inavyofanya kazi, maana ni ujanja unaostahili sifa hata kama umetuletea kero. Nyuma ya kioo huwekwa bamba la akriliki safi. Mwanga ukiingia kutoka ubavuni hunaswa ndani, ukidundadunda kati ya sura mbili za bamba kama mpira kwenye ujia mwembamba, na ungeendelea hivyo hadi upande wa pili kama usingesumbuliwa. Kwa hiyo mgongo wa bamba huchapwa vidoti vyeupe. Mwanga ukigonga kidoti, unachepuka na kutoka nje kuelekea kwa mtazamaji. Karibu na taa vidoti ni vidogo na vya kuhesabika, kwa kuwa mwanga ni mwingi. Kadiri unavyoelekea katikati vinanenepa na kusongamana, ili mwanga uliochoka utoke wote. Ni hesabu safi kwenye karatasi. Ila bamba hupanuka kwa joto. Fremu hubana. Skrubu moja ikikazwa kupita kiasi kiwandani, kioo hupinda kwa kiasi ambacho jicho halioni, fuwele na plastiki zilizoko pale husongwa, na kona ile haitajua tena giza.

Wajapani wana neno lake, mura, maana yake kutokuwa sawa, mabakamabaka. Wahandisi wa vioo kote duniani wameliazima, nao hulitamka kama madaktari wanavyotaja ugonjwa sugu: hautibiki, unapunguzwa. Wanunuzi hawakuwa na subira hiyo. Walianza kuona mawingu ya kijivu kila filamu ilipoingia usiku, na kona nne zikawaka kama vile kuna watu wamejificha nyuma ya fremu na tochi. Wako waliolegeza skrubu za nyuma. Wako waliosugua kioo kwa kitambaa laini, taratibu, kwenye kona inayovuja, na baadhi wakaapa kwamba imesaidia. Mimi naamini wenye skrubu kuliko wenye vitambaa.

Dukani huwezi kuyaona mabaka hayo. Dukani taa zote zinawaka, na TV zinaonyesha matunda, samaki wa rangi na maporomoko ya maji. Hakuna muuzaji anayekuwekea jangwa la usiku. Uchafu wa mchana nao unahitaji picha yake. Nenda kibanda umiza siku ya mechi, kamera ipite haraka kutoka goli hadi goli, na utaona nyasi zina vivuli vya kusimama ambavyo havisogei na uwanja, kama kioo kilichofutwa kwa kitambaa kichafu. Jicho la binadamu husamehe mwanga unaofifia polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukingo wa doa halisamehe.

Tiba kubwa ilifikiriwa mapema, nayo haikutoka kwenye kampuni ya TV. Katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, Lorne Whitehead, Helge Seetzen na wenzao walionyesha mwaka 2004 kioo chenye mamia ya LED nyuma yake, kila moja ikiongozwa peke yake. Picha ikiwa na giza pembeni, taa za pembeni hupunguzwa. Pazia halibebeshwi tena mzigo wa kuzuia kila kitu. Dolby iliinunua kampuni yao, BrightSide, mwaka 2007. Lakini tiba ilikuja na doa lake. TV ya 4K ina nukta 8,294,400. Zigawe kwa kanda 1,000 za taa, ambazo ni nyingi kweli, na kila kanda inasimamia nukta zaidi ya 8,000. Nyota moja ikitokea angani, kanda nzima inawaka, na nyota inavaa ukungu. TCL ilipoleta vitaa vidogo zaidi mwaka 2019 ukungu ulipungua. Kuisha, haukuisha.

Waliochoka na taa walirudi kwenye hekima ya chogo: kila nukta ijiwakie. Pioneer waliziita TV zao za plazima Kuro, yaani nyeusi, na mwaka 2009 wakatangaza kuacha biashara ya TV. OLED, iliyotokana na kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke kule Kodak mwaka 1987, ilifika madukani kama kijioo cha Sony cha inchi 11 mwaka 2007, kisha LG wakaikuza hadi inchi 55 mwaka 2013. Nyeusi yake ni nyeusi. Bei yake naiachia wenye bei.

Sisi wengine tuliletewa kitu cha tatu. Wembamba wa ukingoni ulikuwa na gharama, hasa lile bamba la akriliki, kwa hiyo viwanda vikarudisha taa nyuma ya kioo kwenye TV za bei nafuu, ila safari hii kwa ubahili: vitaa vichache, milolongo miwili au mitatu kwa TV ya inchi 32, kila kitaa kikivikwa lenzi pana ya kuutupa mwanga pembeni ili kifanye kazi ya vitano. Lenzi inashikwa kwa gundi. Gundi inakaa juu ya joto. Ikidondoka, mwanga wote unakwenda mbele moja kwa moja, na wewe unaona kitumbua karibu na kibendera cha kona. Nakisia hesabu hiyo ilifanywa na mtu aliyejua kabisa gundi ile itadumu muda gani, ila hilo siwezi kulithibitisha.

Fundi alinionyesha TV nyingine iliyoegemezwa ukutani, yenye sauti na isiyo na picha. Aliwasha tochi ya simu, akaisogeza karibu na kioo: mtangazaji alionekana mle ndani, hafifu, anaendelea kusoma habari gizani. Pazia zima, taa zimekufa. Vitaa vimeungwa mkia kwa mkia, kimoja kikikata njia vyote vinalala. "Huyu mwenyewe anataka nimbadilishie mmoja tu," alisema. "Nimemwambia abadilishe yote. Ukiweka mpya mmoja katikati ya wazee, atang'aa peke yake, TV itakuwa na mstari." Alinionyesha pia kioo kilichogeuka bluu. Ndani ya LED hizi mna taa ya bluu iliyopakwa unga wa njano ili itoe weupe. Unga ukiungua, bluu inatoka ilivyo.

Kwangu alizibandika zile lenzi mbili kwa gundi yake, na ya tatu akaing'oa kwenye sinia la TV mbovu iliyokuwa chini ya meza. Haikuwa saizi ile, akaikubali. Kabla ya kufunga akauliza, "Nizipunguzie moto kidogo zikae?" Nikamwambia apunguze.

Jioni tuliangalia mechi. Vitumbua vimeondoka vyote vitatu. Kipindi cha pili mwanangu akasogea hadi karibu na kioo, akaweka kidole penye boksi la goli la kulia, akauliza mbona hapa nyasi zimekolea.