Mji Uliopima Vumbi

Winson Green, magharibi ya katikati ya jiji la Birmingham, hutajwa zaidi kwa mambo mawili: jela yake iliyofunguliwa mwaka 1849, na kipindi cha televisheni cha mwaka 2014 kilichowaanika wakazi wa mtaa mmoja kuwa ni watu wa kuishi kwa posho ya serikali. Dharau hiyo inashangaza, maana eneo hili limezungukwa na historia ya watu waliotengeneza mali kwa vitu ambavyo wengine wangevifagia na kuvitupa.

Ng'ambo ya kijito cha Hockley ndiko Matthew Boulton alikojenga kiwanda cha Soho katika miaka ya 1760. Alikuwa amerithi biashara ya baba yake ya vikorokoro vya madini: vifungo, bizimu za viatu na mapambo madogo madogo. Kwa bidhaa kama hizo, kipande kilichobaki baada ya kukata kitu kikubwa hutosha kutengeneza kitu kidogo. Vyombo vya fedha alivyotengeneza ilibidi vipelekwe Chester kupimwa na kugongwa mhuri, na vingine vilirudi vimeharibika. Boulton akalishughulikia jambo hilo bungeni mpaka Birmingham ikapata ofisi yake ya kupimia mwaka 1773. Alama yake ni nanga, japo mji wenyewe uko mbali na bahari.

Masonara walijazana Hockley, mashariki ya Winson Green, wengi wao katika nyumba za kuishi zilizogeuzwa karakana. Sonara wa Mombasa au Unguja angeingia humo na kuelewa kila kitu. Meza ilikatwa mfano wa mwezi mwandamo, na chini yake, mbele ya kila fundi, ikatundikwa ngozi ya kudaka unga wa dhahabu uliotoka kwenye tupa na msumeno. Sakafu ilifagiwa na taka zake zikawekwa. Maji ya kunawia mikono hayakumwagwa ovyo, yaliachwa yatuame. Aproni iliyochakaa ilichomwa, jivu lake likapelekwa kwa wasafishaji wa madini ili dhahabu irudi. Kiwanda cha Smith & Pepper, kilichoanza mwaka 1899, kilifanya kazi mpaka 1981, wenyewe wazee walipofunga mlango na kuacha zana mezani. Tangu 1992 ni makumbusho, na meza zile bado zipo.

Mafundi wa vifungo nao walikuwa na habari zao. Walikata vifungo kutoka magamba ya chaza yaliyoletwa kwa meli kutoka bahari za mbali. Gamba jeusi lilidharauliwa kwa muda mrefu na kufukiwa kama kifusi, kisha fasheni ikabadilika na watu wakaanza kulitafuta kwa bei kubwa. Husimuliwa kwamba ukumbi mkuu wa mji, uliofunguliwa mwaka 1834, umesimama juu ya magamba hayo yenye thamani ya fedha nyingi. Sitaapa kwamba ni kweli, lakini ni hadithi ambayo mji wa masonara lazima ungejitungia.

Kuna kazi nyingine ambayo makumbusho huipita haraka. Kifungo kilipokwisha kutengenezwa kilihitaji kadi ya kuuzia. Vifungo, pamoja na vikulabu vya nguo na vitanzi vyake, vilishonewa kwenye kadi kimoja kimoja, na kazi hiyo haikufanyika kiwandani. Wanawake waliichukua na kwenda nayo nyumbani, wakaifanya jikoni usiku, watoto waliotoka shule wakiwasaidia. Malipo yalikuwa ya senti, na uzi aghalabu waliununua wenyewe. Mwaka 1906 Edward Cadbury na wenzake wawili walichapisha kitabu kuhusu kazi na mishahara ya wanawake wa Birmingham, na mwaka huohuo London ikafanya maonyesho ya kazi za kinyonyaji yaliyowashtua matajiri waliokuwa wakivaa vifungo hivyo. Unga wa dhahabu chini ya meza ulikuwa na mizani yake. Saa za mama aliyeshona kadi hazikuwa nayo.

Bunge lilipitisha sheria mwaka 1909 kuunda bodi za kupanga kima cha chini cha mshahara. Ilianza na kazi nne: ushonaji wa nguo za kuuzwa tayari, utengenezaji wa masanduku ya karatasi, umaliziaji wa lesi, na ufuaji wa minyororo, ambao kitovu chake kilikuwa Cradley Heath, si mbali na Birmingham. Kazi ya kadi haikuwamo.