Joto la Nyuma ya Friji

Duka la mamangu lilikuwa na friji moja ya soda, na nyuma yake paka alikuwa mpangaji wa kudumu. Baridi ya Julai ikizidi, sisi pia tulianika soksi pale. Hakuna aliyeuliza joto lile linatoka wapi.

Jibu nililipata chuoni, mwaka wa pili wa uhandisi, muhula mmoja kabla karo haijanishinda nikaacha. Kumbe friji haitengenezi baridi. Inahamisha joto. Lililomfaa paka lilitoka kwenye soda.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1852 William Thomson, yule wa Kelvin, alieleza kwamba mashine ya aina hiyo inaweza kupasha nyumba joto. Muda mfupi baadaye Peter von Rittinger akaunda yake Ebensee, Austria, ya kukausha maji ya chumvi. Mwaka 1912 Mswisi Heinrich Zoelly akasajili hataza ya kuchota joto ardhini. Lakini watu walikuwa na makaa ya mawe, wakaendelea kuyachoma.

Ndiposa nampenda Robert Webber wa Indianapolis, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akichokora friza yake nyumbani, akagusa bomba la kutolea joto, likamchoma mkono. Mimi ningepaka dawa ya meno nikalale. Yeye alipitisha bomba lile kwenye tangi la maji. Maji moto yakazidi mahitaji ya familia, akapuliza joto la ziada nyumbani kwa feni. Kisha akawaza: kama friza inatoa joto, mbona ardhi isitoe? Akazika mabomba ya shaba yenye gesi. Mwaka uliofuata aliuza tanuri lake la makaa.

Siri yenyewe ni hii. Mita chache chini, udongo hauna habari na theluji. Joto lake halibadiliki sana mwaka mzima. Gesi hupokea joto hilo dogo, kisha kompresa huibana. Ushawahi kushika mdomo wa pampu ya baiskeli ukijaza upepo? Gesi ikibanwa hupata moto. Huliacha joto hilo ndani ya nyumba, hulegezwa, hupoa, hurudi chini kuchota lingine. Kwa uniti moja ya umeme, nyumba hupata uniti tatu au nne za joto. Umeme unalipia usafiri tu.

Usichanganye na Olkaria, ambako tangu 1981 tunapata umeme kwa mvuke wa visima virefu. Mabomba ya Webber hayahitaji volkeno.

Nairobi hatupashi nyumba, lakini maji ya kuoga tunapasha. Shawa ya bedsita yangu hulitengeneza joto lote kwa umeme, uniti kwa uniti, na tokeni zinaisha nikiwa bado na povu kichwani.

Ile friji mama aliiuza kulipia ule muhula. Niliporudi nyumbani nikiwa na hamu ya kumweleza joto lilitoka wapi, paka alikuwa ameshahamia jikoni.