Kilimia na Taa za Migodi

Jina la Kilimia limetokana na kulima. Kundi hili la nyota, ambalo Waarabu huliita Thuraya, huchomoza mashariki jua linapotua mwezi wa Novemba, majira ambayo mvua za Shinyanga na Geita huanza. Mwishoni mwa Aprili huzama jioni muda mfupi baada ya jua: bara mvua zinaelekea kukatika, pwani masika yamekolea. Kalenda ni moja. Kila nchi huisoma kwa mvua yake.

Lakini maandishi yake ni hafifu. Mwaka 1856 Mwingereza Norman Pogson aliweka kipimo ambacho kwacho nyota ya daraja la 1 hung'aa mara 100 kuliko ya daraja la 6. Nyota angavu kuliko zote katika Kilimia ni ya daraja la 3. Nduguze ni za daraja la 4 na zaidi. Hizo ndizo hutangulia kufutika anga linapomulikwa kutoka chini.

Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ukichimba usiku na mchana. Karibu na taa hizo, mtoto akiuliza Kilimia kiko wapi, huenda akaonyeshwa mahali tu.